Radi na Sisi (4): Wakili na Kizuia Radi

Jinsi wingu linavyojikusanyia umeme tulikwishaona, sirudii. Msomaji wa Biharamulo anauliza kama nasi tunapitiwa na ile mipaka ya hewa baridi inayozusha ngurumo kwenye nyanda za Marekani. Haitufikii. Huku karibu na ikweta kila wingu hujipikia baridi yake: mvua ikianguka huteremsha hewa baridi, nayo hutambaa mbele. Simama Nyakahura mchana wa vuli. Majani ya migomba yanageuka tumbo, vumbi linanyanyuka, bati lililolegea linaanza kulia. Upepo huo ukikutana na unyevu wa Kongo au wa ziwani, hunyanyua wingu jingine, na mvua moja inazaa nyingine.

Sasa nirudi kwa kipenzi changu, kizuia radi, ile fimbo ya chuma ya juu ya paa inayoteremsha radi ardhini kwa waya. Mwaka 1780, katika mji wa Saint-Omer, Ufaransa, Bwana Vissery alisimika kimoja juu ya nyumba yake. Majirani wakapiga kelele: kitu hicho kitatuitia radi! Wakuu wa mji wakaamuru king'olewe. Kesi ikafika Arras, na aliyesimama kumtetea ni wakili wa miaka 25, Maximilien Robespierre, ambaye baadaye mapinduzi yangemwinua na kumkata kichwa. Mei 1783 akashinda. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini tangu jaribio la Marly, huko huko Ufaransa, Mei 1752, lithibitishe wazo la Benjamin Franklin kwamba radi ni umeme, na bado watu waliosoma waliogopa chuma kuliko radi!

Tusiwacheke. Sisi radi ikipiga tunamtazama bibi wa jirani, tunaulizana nani kaituma. Oktoba 2018 wanafunzi sita walikufa katika shule ya Emaco, Geita. Tarehe 27 Januari 2025 wakafa saba Businda, Bukombe, na 82 wakajeruhiwa. Kutoka Nyakanazi hapo ni jirani tu. Shule zetu za Ngara, zilizokaa vilimani, zina mbao za majina ya wafadhili. Waya wa shaba wa kuteremka hadi udongo wenye unyevu hauna mfadhili.

Nafasi imekwisha, basi kwa walimu haraka: ngurumo ikianza, watoto waondoke ukutani na madirishani, wakae katikati, miguu imebanwa pamoja. Umeme ukitambaa ardhini huingia mguu mmoja na kutokea mwingine, na ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mno, huanguka wa kwanza.