Maji ya kusafishia vioo: Biashara Sibwesa ianzie kwenye paa

Madirisha ya alumini hayako tena Dar es Salaam peke yake. Yameingia kwenye maduka, ofisi na nyumba za wageni za Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, na paneli za sola zimepanda juu ya mapaa ya vijijini. Vyote vinashika vumbi. Kijana wa kata ya Sibwesa, wilayani Tanganyika, anaweza kujipatia kipato kwa kuviosha, mradi ayajue maji kwanza.

Kioo kilichooshwa kwa maji ya kisima mara nyingi hukauka na madoa meupe: maji yamekwenda, kalsiamu, magneziamu na silika zimebaki. Maji ya kunywa ya chupa nayo huwa na madini, hivyo usalama wake kwa mnywaji haukisaidii kioo. Kampuni za usafi za Ulaya na Marekani hupandisha maji yasiyo na madini kwa mpira hadi kwenye brashi yenye mpini mrefu, kisha huacha kioo kikauke chenyewe, bila sabuni wala kitambaa. Hulenga madini yasiyozidi miligramu 10 kwa lita, kiwango kinachopimwa kwa kipima TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka) cha mkononi.

Njia za kuyapata ni kadhaa. Maji ya mvuke uliopozwa ni safi sana, lakini kuyatengeneza hula nishati nyingi. Mtambo wa osmosisi kinyume (RO) husukuma maji kwenye utando unaozuia zaidi ya asilimia 90 ya madini. Huhitaji chujio la kaboni palipo na klorini, na sehemu kubwa ya maji hutoka kama mabaki, ambayo yanafaa kudekia. Resini hunasa madini yaliyosalia, ila huchoka upesi maji yakiwa magumu. Chukua kisima chenye miligramu 300 kwa lita: RO ikipunguza hadi 30, resini ileile itasafisha maji takriban mara kumi zaidi. Maji ya betri ya dukani yanafaa pia, lakini kuyanunua lita kwa lita kutameza faida.

Sibwesa iko mbali na chumvi ya bahari, na mvua yake ni maji yaliyokwisha kusafishwa na jua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 20 hutoa hadi lita 1,000. Manyunyu ya kwanza yamwagwe kwa kuwa yanaosha vumbi la bati, yanayofuata yachujwe, yapimwe na kufunikwa. Vumbi huzidi kiangazi, wakati mvua haipo. Kwa hiyo tangi ndiyo mashine ya kwanza ya biashara hii.

Nunua kipima TDS na tangi kabla ya RO. Resini iongezwe pale tu kipimo kinapodai, na mtambo usubiri wateja watakaoulipa.