Kitale au Bungoma? Tulivyotafuta mji wa kuishi, mke Mwarabu na mume Mbukusu

Wiki hii nitaiacha siasa ya kaunti na mambo ya bandari, niandike la nyumbani kwangu. Tangu tuhame, dada na binamu zangu wa Mombasa na Malindi hunipigia simu na swali ni lile lile: "Huko bara mnakaaje, nyinyi wawili?" Wawili kati yao wana wachumba wa bara, na najua wanauliza kwa ajili ya nafsi zao. Basi nitawajibu hapa, mara moja kwa wote.

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Babu yangu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut; mama ni Mswahili wa Mvita. Mume wangu ni Mbukusu wa Kanduyi, Bungoma, na ni Muislamu wa kuzaliwa. Babu yake alisomeshwa dini Mumias. Wengi wa kwetu hilo huwashangaza, lakini Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ilikuwa kituo cha misafara ya Waswahili katika karne ya 19, kabla reli haijafika Kisumu mwaka wa 1901. Watu wetu walilala pale, wakaoa pale, na baadhi yao hawakurudi.

Kwa hiyo dini haikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa rangi na nasaba. Kwetu walisema, "Si kufu yako," na ami yangu mmoja hakuhudhuria nikaha. Kwao waliuliza kama huyu binti wa Kiarabu ataweza kusonga busuma kwenye moto wa kuni, na kama siku ya msiba atakaa chini na wenziwe. Tukaishi Mombasa miaka saba. Kisha kazi ya mume wangu, kuuza mbegu na mbolea, ikamvuta bara, na tukawa na miji miwili ya kuchagua: Bungoma kwao, au Kitale, iliyo karibu saa mbili kwa matatu kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini.

Bungoma: kwa wenyewe

Tulianza na Bungoma kwa kuwa ndiko nyumbani. Kaunti ya Bungoma ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.6 katika sensa ya 2019. Wamo Watachoni, Wateso na Wasabaoti, lakini wenye mji ni Wabukusu. Lugha ya sokoni, ya harusini na ya kaburini ni Lubukusu.

Wema niliouona huko siwezi kuukana. Nikitoka mlangoni nasalimiwa "mulembe" na kila mtu. Mtoto wetu akianguka, wanawake watatu wanamwinua kabla sijafika. Lakini kwa miezi minne niliyokaa sikuwahi kuwa mimi. Nilikuwa "Mwarabu wa fulani". Mwenye nyumba mmoja alimtajia mume wangu kodi. Aliponiona mimi siku ya pili, kodi ikapanda. Mume wangu alipouliza sababu, akaambiwa kwamba Waarabu hawakosi pesa. Siku nyingine mlinzi kwenye lango la shule alimzuia mume wangu asimchukue binti yetu wa miaka sita, kwa sababu, alisema, "huyu mtoto hafanani na wewe." Binti alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia. Usiku ule alimuuliza babake kwa nini hakumpa rangi yake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuhama si suala la kodi na barabara tu.

Kitale: mji wa waliokuja

Kitale ni mji wa kaunti ya Trans Nzoia, yenye watu zaidi ya 990,000 kwa sensa hiyo hiyo. Ulianzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka wa 1908, na reli ikafika 1926. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba makubwa yalianza kugawanywa na kununuliwa, na watu wakaja kutoka kila upande: Wabukusu, Wakikuyu, Wakisii, Wanandi, Waturukana. Wahindi wenye maduka walikuwapo, Wasomali wapo. Kuna hata kitongoji kinachoitwa Shimo la Tewa, jina ambalo Mpwani yeyote akilisikia atadhani amefika Mtwapa.

Kwa mchanganyiko huo, Kiswahili ndicho kinachofanya kazi. Siku ya kwanza sokoni Kitale nilinunua viazi kwa mama Mkisii, mboga kwa Mbukusu na kitambaa kwa Mhindi, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi. Si kwamba hawakuona rangi yangu. Waliona, ila haikuwa habari. Mwalimu alipowaona baba na binti pamoja alisema tu, "Baba, jaza fomu hii."

Ila kuna jambo lililonikaa kifuani. Wasimulizi wa historia ya mji husema kwamba Kitale ya zamani ilikuwa kituo cha misafara ya watumwa iliyotoka upande wa Uganda kwenda pwani. Misafara ile iliongozwa na watu wenye majina kama ya babu zangu. Mzee mmoja jirani aliniambia hayo bila hasira, tunakunywa chai. Sikuwa na jibu, na sikujaribu kulitafuta. Nilimwambia pole, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo." Mpwani anayehamia bara na alijue hilo: anapouliza kama atapokewa, kuna wanaokumbuka alivyokuja mara ya kwanza.

Mchanganyiko si ukaribisho

Hapa nataka wasomaji wawe makini. Mtu akiambiwa mji una makabila mengi, hudhani basi ni salama. Sivyo. Mwaka wa 1992 mapigano ya kikabila yalizuka Trans Nzoia, pande za Endebess na Saboti, na mlimani Elgon. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu walifukuzwa tena na kambi za wakimbizi wa ndani zikawekwa. Huko Mlima Elgon, upande wa Bungoma, kundi la SLDF liliua na kutesa watu kwa sababu ya ugomvi wa ardhi, hadi jeshi lilipoingia Machi 2008, na jeshi nalo likalaumiwa kwa mateso.

Sababu ya haya ni ile ile inayoupa mji sura yake. Watu wengi walikuja na kununua ardhi, na wapo wanaosema ardhi ile ilikuwa yao kabla ya Mzungu. Mwaka ambao siasa inachochea, neno "mgeni" hubadilika maana. Na sisi wa pwani tusijifanye hatujui. Agosti 1997 huko Likoni, watu wa bara waliuawa na kufukuzwa majumbani mwao. Mjomba wa mume wangu alikuwa mmoja wa waliopanda basi usiku, akaacha kitanda na baiskeli. Hajarudi Mombasa mpaka leo, wala hakuja harusini kwetu.

Tulivyopima

Kwa hivyo hatukutegemea sifa za mji. Tulifanya haya, nanyi mnaweza kuyafanya popote.

Kwanza, tulikwenda wote wawili pamoja, na mtoto. Mume wangu akienda peke yake Bungoma au Kitale ni mtu wa kawaida, hatajua kitu. Tulikwenda siku ya soko, tukarudi Ijumaa msikitini, kisha siku ya kawaida ya mvua.

Pili, tulitazama wanaokaa pamoja bila kulazimishwa. Ofisini na darasani watu hupangwa. Tazama hotelini, kwenye kiwanja cha mpira, na harusini: nani amealikwa?

Tatu, tuliuliza kuhusu 1992 na 2008, lakini si kwa maneno ya "kulikuwa na vita?" Tuliuliza, "Nani alimficha nani?" Mtaani tulikohamia, mwanamke Mbukusu alituonyesha chumba alichowaficha majirani Wakikuyu wiki mbili. Mtaa mwingine hakuna aliyetaka kujibu. Tukauacha.

Nne, tulizungumza na mwalimu mkuu kabla ya kulipa karo, tukamuuliza watoto wakitaniana kwa rangi au kabila yeye hufanya nini. Mwalimu akisema "hapa hakuna mambo hayo," endelea kutafuta. Wetu alitueleza kisa cha muhula uliopita na hatua aliyochukua.

Tano, tulipanga nyumba kwanza, hatukununua. Ukinunua shamba, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, pata kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na majina yenu wote wawili yaandikwe kwenye hati. Wajane wengi wa ndoa kama zetu hufukuzwa na shemeji kwa kuwa hawakuandikwa popote.

Na sheria muijue. Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 yampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi wa rangi na wa asili, hata ukifanywa na mtu binafsi. Haitamfanya jirani akupende, lakini mwenye nyumba akipandisha kodi kwa rangi yako, ujue amevunja sheria.

Tulipoamua

Tumepanga Kitale, huu mwaka wa pili. Baridi ya hapa, mita kama 1,900 juu ya bahari, sijaizoea. Bungoma tunakwenda kila mwisho wa mwezi na kila msiba. Niliogopa mama mkwe ataona nimemnyang'anya mwanawe. Nilipomweleza habari ya lango la shule alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpeleke mjukuu wangu mahali asipoulizwa. Sisi huku tutajifunza polepole." Tangu hapo humshika binti mkono na kwenda naye sokoni Bungoma, makusudi, ili watu wamzoee.

Mume wangu aliniuliza juzi kama tukifanya mtihani ule ule Mombasa, mtaani kwetu, tungefaulu. Nilifikiria neno "mbara" analoitwa dukani, na ami yangu aliyekosa nikaha. Nikamwambia ukweli: bado.

Idi ijayo tunakuja wote. Ami, ukisoma haya, mlango wako tutaubisha.