Nyuzi 97 za Buterere: Geji ya Oili ya Ndege ya Zamani na Maji Yanayochemka

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Bujumbura, ambao tangu 2019 unaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, umelala kwenye tambarare ya Rusizi upande wa Buterere, mita zipatazo 787 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya mita hizo maji yakiinjikwa hapo hutokota kwenye nyuzi 97.4 hivi za Selsiasi, wala si 100 kama wanafunzi wanavyokaririshwa. Kwa mpishi wa maharage tofauti hiyo ni mkaa kidogo wa ziada. Kwa fundi anayetaka kujua kama geji ya joto la oili katika ndege ndogo ya zamani inasema kweli, tofauti hiyo hiyo yaweza kumpotosha kabisa, kwa kuwa maji yanayochemka ndiyo kipimo chepesi zaidi anachoweza kulinganishia.

Oili ya injini haifanyi kazi ya kulainisha tu, bali pia hubeba joto kutoka sehemu ambazo upepo haufiki. Piper J-3 Cub, ndege ya Kimarekani ya viti viwili iliyoendelea kuundwa hadi 1947 na ambayo mara nyingi hufungwa injini ya Continental A-65 yenye nguvu za farasi 65, huzunguka na oili isiyofika lita nne, kiasi ambacho hupata moto haraka. Oili ikipita kiasi cha joto huwa nyepesi kama maji, shinikizo lake hushuka, na utando mwembamba unaozuia chuma kisisage chuma hukatika. Ikibaki baridi mno nayo haina nafuu, kwa sababu unyevu unaozaliwa na mwako hauvukizwi, hukaa ndani ya injini na kuanza kula vyuma. Kikomo cha juu kwa A-65 ni nyuzi 220 za Farenhaiti, yaani 104 za Selsiasi, na rubani hana njia ya kujua amekikaribia kiasi gani isipokuwa kwa mshale mmoja mdogo ulio mbele yake.

J-3 ya kawaida haina mfumo wa umeme, hivyo geji yake hufanya kazi bila waya wala betri. Kwenye injini hufungwa kichupa cha chuma chenye kimiminika kinachovukizwa kwa urahisi, mfano etha. Kutoka hapo hutoka mrija wa shaba mwembamba mno, uitwao kapilari, unaopenya ukuta wa injini hadi kwenye dashibodi. Na ndani ya geji mrija huo huishia kwenye tyubu bapa iliyopindwa kama mundu, aliyoibuni Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Kichupa kikipata joto, mvuke huongeza shinikizo, mundu hujaribu kujinyoosha, na mwendo wake husukuma mshale. Shinikizo la mvuke hupanda kwa kasi zaidi kadiri joto linavyoongezeka, na ndiyo sababu alama za chini kwenye bamba la geji husongamana ilhali za juu zimeachana. Hiyo ni bahati njema, kwani geji husomeka vizuri zaidi pale penye hatari.

Kasoro ya chombo hiki ni kwamba kapilari haiungwi kienyeji. Ikipindwa kwa pembe kali au kupata ufa, mvuke huvuja na mshale hulala chini, na rubani asiyejua huweza kudhani injini yake imepoa vizuri ajabu. Kwa hiyo fundi huing'oa geji nzima pamoja na mrija na kichupa chake, huku akiukunjua mrija kwa mizingo mipana, kisha huipeleka mezani karakanani, mbali na petroli, badala ya kuleta jiko la mkaa chini ya bawa.

Mezani, kichupa huning'inizwa katikati ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, kwa maana chuma cha kitako huwa na joto kuliko maji yenyewe. Maji hukorogwa, mshale huachwa utulie, na kioo hugongwa kwa kidole polepole ili mshale uliokwama kwa msuguano ujiachilie. Hapo ndipo hesabu ya Buterere inapoingia. Maji huchemka pale nguvu ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa unaoyakandamiza kutoka juu, na mtu akipanda juu ya usawa wa bahari hewa iliyobaki juu yake hupungua. Dar es Salaam kanieneo huzunguka hektopaskali 1013 na maji huchemka kwenye nyuzi 100. Buterere ni kama hektopaskali 922. Na katika Uwanja wa Wilson mjini Nairobi, ulio karibu mita 1,690 juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 na nusu hivi.

Kwa lugha ya geji ya Kimarekani, maji yanayotokota Buterere yana nyuzi 207, si 212. Geji inayoonyesha 207 ni nzima. Ile inayoonyesha 212, ambayo fundi aliyekariri kitabu angeipa hongera, imezidisha nyuzi tano, na rubani wake ataona 220 wakati oili iko 215 tu. Kosa hilo halimuui mtu, lakini lina gharama, kwani kifuniko cha injini hufunguliwa, oili nzuri humwagwa, na ugonjwa usiokuwepo hutafutwa siku nzima.

Mtego mwingine, wa hila zaidi, umo katika takwimu za uwanja wenyewe. Kanieneo ambayo rubani hupewa kwa kawaida ili apange geji yake ya kimo imekwisha kurekebishwa kana kwamba uwanja uko ufukweni mwa bahari, hivyo kwa Bujumbura tarakimu hiyo haiko mbali na 1013, na anayeitumia kukokotoa mchemko atarudi pale pale kwenye 100. Inayotakiwa ni kanieneo halisi ya mahali penyewe, bila marekebisho.

Nukta moja ya mchemko haitoshi, kwa kuwa geji yaweza kuwa kweli juu na mwongo chini. Basi sufuria huepuliwa, na maji yanapopoa geji hulinganishwa na kipimajoto cha kuaminika, kwa mfano kwenye nyuzi 90, 80, 70 na 60 za Selsiasi. Kwa injini za Lycoming ambazo kikomo chake ni nyuzi 118 maji hayafiki, na hapo fundi hulazimika kutumia oili iliyopashwa moto, kazi inayodai uangalifu kwa sababu tone moja la maji ndani yake hulipuka na kurusha oili usoni.

Usahihi huu una uzito wa pekee Bujumbura. Saa za mchana joto likifika nyuzi 30, hewa ya tambarare huwa nyepesi kama ya mahali penye mita 1,500 siku ya kawaida, hivyo upepo unaopoza injini huwa hafifu. Na anayeelekea mashariki hana budi kupanda milima inayopita mita 2,000, kwa nguvu zote za injini na mwendo mdogo, hali ambayo ndiyo hasa huichemsha oili.

Matokeo huandikwa katika daftari la ndege na fundi mwenye leseni, na tofauti ndogo huweza kubandikwa kwenye kikaratasi kando ya geji. Hata hivyo anayeruka peke yake katika J-3 huketi kiti cha nyuma, akaisoma geji kwa mbali, na asipoitazama moja kwa moja mshale huonekana umesogea kutoka alama yake. Mstari mwekundu wa kikomo nao ukiwa umepakwa juu ya kioo badala ya bamba, fundi huchora alama nyeupe inayovuka kutoka kioo hadi ukingo wa geji, ili kioo kikizunguka hata kidogo alama hiyo ikatike na kuonekana.