Kadhia ya Minofu ya Sangara

Mwaka 1997 ulipokuwa ukimalizika, na kipindupindu kikiwa kimeenea katika nchi zetu, Umoja wa Ulaya uliwafungia mlango samaki wabichi kutoka Afrika Mashariki, na mara sangara wa Ziwa Victoria, ambaye minofu yake ilikuwa ikisafirishwa kwa ndege kila juma, akakosa soko. Mialoni bei iliporomoka, na mvuvi, ambaye hakuna aliyemwuliza neno, akaibeba hasara.

Tanzania haikuwa na nguvu ya kumtisha mnunuzi huyo, na lau ingalilipiza kwa kukataa bidhaa za Ulaya, ingaliwaumiza watu wake wenyewe. Ilichokuwa nacho ni mapatano ya Shirika la Biashara Duniani ya mwaka 1995 mintarafu ya usalama wa vyakula, ambayo yampa kila mwanachama haki ya kuzuia bidhaa kwa ajili ya afya ya raia wake, ila kwa sharti kwamba zuio liwe na burhani ya kitaalamu, wala lisipite kiasi cha hatari yenyewe. Hoja hiyo ilifikishwa mbele ya shirika hilo huko Geneva mwaka 1998, na Shirika la Afya Duniani likashuhudia kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya vyakula vya biashara ni ndogo mno. Mwaka huohuo zuio likaondolewa.

Lakini yaliyotukia mwaka 1999 hayakufanana na hayo, na ni haki tukiri. Zilipoenea habari za watu kuvua kwa sumu, wakiimwaga majini ili samaki waelee, mnunuzi alifunga mlango tena, naye alikuwa na kila sababu ya kukataa, na ufasaha wote wa wajumbe usingalifaa kitu. Wakaguzi wa Ulaya walitaka kujua ni nani mwenye dhamana ya kuthibitisha usafi wa samaki huyo, kwa sheria gani, na kwa vipimo vya maabara ipi; maswali hayo hayajibiwi kwa maneno, bali kwa wakaguzi waliofunzwa, barafu, mialo iliyosakafiwa na daftari zinazoandikwa kila siku. Nchi zetu tatu za ziwa hilo zilifunguliwa mlango kila moja kwa wakati wake, na Kenya ndiyo iliyongoja zaidi.

Nami nahuzunika kwamba, minofu ilipopata tena ndege, wenyeji wengi wa kando ya ziwa waliendelea kula mapanki, yaani vichwa na mifupa ibakiayo kiwandani, na katika majadiliano yale yote usafi wa chakula chao haukupata mtetezi.