MTOTO AFUNDISHWE FEDHA MAPEMA

Nchini Kenya kijana hupata kitambulisho atimizapo miaka 18, na tangu mwaka 2012 mwenye kitambulisho aweza kukopa fedha za benki kwa simu yake, bila kuonana na karani. Asiyezoea kuhesabu fedha aweza kuingia katika deni kabla hajapata kazi. Kwa hiyo yafaa mafunzo yaanze nyumbani.

Mtoto wa miaka minane na apewe kuku awe wake. Auzapo mayai, fedha zigawanywe mafungu matatu: chakula cha kuku, matumizi yake, na akiba. Akiweka shilingi 10 kila juma, baada ya majuma 52 atakuwa na shilingi 520.

Aliye mkubwa zaidi na awe na daftari, aandike mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Aonyeshwe pia ya kuwa akikopa shilingi 100 na kurudisha 110, hizo 10 za ziada ni akiba ya juma zima.

Mzazi naye asiichukue akiba hiyo. Akipatwa na shida, na aiombe kama mkopo, akairudishe siku aliyoahidi. Maana mtoto hujifunza uaminifu kwa kuuona.