Udugu wa Ndege: Sauti Pekee Haitoshi

Hapa Nyakabanda, maua yachanuapo uani, chozi hakawii kufika. Ni ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, afyonzaye utamu wa maua, na mara nyingi sauti yake nyembamba husikika kabla hajaonekana. Je, wimbo huo watosha kutujulisha ni ndege yupi aliye ndugu wa yupi?

Chozi hazaliwi na wimbo kamili. Kinda husikiliza wakubwa, hujaribu, hukosea, kisha hushika, kama mtoto ashikavyo lugha ya nyumbani. Vinasaba havifundishwi, hurithiwa kwa baba na mama. Vizazi vipitapo, mabadiliko madogo hujilimbikiza ndani yake, na mtaalamu akilinganisha vinasaba vya makundi mawili huweza kukadiria yalitengana lini.

Jay McEntee, Rauri Bowie na wenzao walilinganisha nyimbo na vinasaba vya chozi wa milima ya Afrika Mashariki. Misitu ya ndege hao imetenganishwa na nyanda za chini, mfano wa visiwa baharini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalistaajabisha. Makundi mengine yaliyoachana kwa mamia ya maelfu ya miaka yangali yakiimba karibu sawasawa; mengine nyimbo zao zimegeuka sana. Katika Milima ya Udzungwa, Tanzania, chozi wa aina mbili wanaofanana sana kwa manyoya hukaribiana, lakini kila aina ina wimbo wake.

Basi, wimbo husimulia malezi, vinasaba husimulia nasaba. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tukidhani kuwa ndege wa mlima huu ndiye yule wa mlima ule kwa sababu wanaimba namna moja, hatutaona hasara msitu mmoja ukifyekwa. Kumbe huenda tumefuta ukoo mzima usiopatikana kwingine.

Sisi Wanyarwanda tunao msitu wa Nyungwe, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Humo yumo chozi wa kifalme, ndege wa milima ya Bonde la Ufa la Magharibi tu. Wazazi, tuwafundishe watoto waweke manati chini na kutega sikio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kinda la chozi nalo halijifunzi wimbo pasipo mkubwa wa kuliimbia.