Kwa Nini Vimeng'enya vya Chemchemi Haviivi

Wanaokwenda Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa la Kenya, hupenda kubeba mayai. Huyatumbukiza kwenye chemchemi ya moto, wakangoja kidogo, kisha wakayamenya na kuyala. Ndani ya maji hayo hayo kuna bakteria wanaoishi na kuzaana bila taabu. Yai limejaa protini, na bakteria naye vilevile. Mbona yai linaiva na yeye haivi?

Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja kwa umbo maalumu. Kimeng'enya ni protini yenye kazi: kwenye mkunjo wake mna kijishimo ambamo kemikali fulani huingia na kukatwa au kuunganishwa. Umbo likiharibika, kazi imekwisha. Joto huutikisa mnyororo mpaka ukafumuka, na zile sehemu zinazokwepa maji, zilizokuwa zimejificha ndani, hutoka nje na kunasana na za jirani. Ndiyo maana ute wa yai lililochemka haurudi kuwa majimaji hata ukilipoza.

Ungetarajia bakteria wa chemchemi awe na malighafi ya ajabu. Hana. Asidi amino zake ni zile zile 20 tulizo nazo sisi. Mwaka 1966 sampuli ilichotwa katika chemchemi za Yellowstone, Marekani, na kutokana nayo Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze wakamtambulisha *Thermus aquaticus*, anayestawi kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Kimeng'enya chake cha kunakili DNA huitwa Taq. Umbo la Taq lilipochorwa mwaka 1995, sehemu inayonakili ilionekana imekunjwa karibu sawa na ya *E. coli*, bakteria wa matumboni mwetu.

Aliyewahi kuona nyumba ya udongo ikijengwa atanielewa: boriti ni zile zile na fito ni zile zile, ila fundi huyu amekaza kamba kila kwenye maungio. Kiini cha kimeng'enya cha joto hushindiliwa kisibaki na nafasi. Vitanzi vinavyoning'inia nje hufupishwa. Prolini, asidi amino isiyopenda kupindapinda, huwekwa pale ambapo mnyororo ungepepea. Juu ya yote kuna madaraja ya chumvi (jina tu, hayahusiani na chumvi ya jikoni), yaani chaji chanya na chaji hasi zinazoshikana. Kwenye ubaridi madaraja hayo hayana faida kubwa, kwa sababu kila chaji inaona afadhali izungukwe na maji. Maji yakikaribia kuchemka, mvuto wake kwa chaji hupungua, na daraja ambalo huko kwingine lingekuwa pambo linakuwa nguzo. Wala kamba nyingi hazihitajiki. Hata katika protini ya kawaida, pengo kati ya kubaki imekunjwa na kufumuka ni dogo, kama nguvu ya vifungo vichache tu vya haidrojeni.

Ukakamavu huo una bei. Kimeng'enya hufanya kazi kwa kujinyumbua, na kilichokazwa sana kwenye ubaridi huwa kizito. Taq hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 75 na 80, lakini kwenye joto la mwili wetu hujikokota. Tena si cha milele: kwenye nyuzi 95 nusu ya nguvu yake hupotea kwa dakika 40 hivi. Dakika hizo zinatosha kwa kipimo cha PCR, kile tulichokizoea wakati wa UVIKO, ambacho hupasha DNA moto na kuipoza mara nyingi. Kabla ya Taq, mtaalamu alilazimika kuongeza kimeng'enya kipya kila mzunguko.

Twende Ziwa Magadi, maana moto ni mtihani mmoja tu. Huko tatizo ni chumvi, inayonyang'anya protini maji yake. Vimeng'enya vya vijiumbe wanaopenda chumvi hujaza asidi amino zenye chaji hasi kwenye uso wa nje, nazo huyashikilia maji yasiondoke. Ukivitia kwenye maji matamu, chaji hizo husukumana zenyewe kwa zenyewe na umbo linafumuka. Kilichovilinda ziwani ndicho kinachoviua kisimani.

Na ukali wa magadi yenyewe? Ndani ya mwili wake bakteria hupunguza ukali huo, kwa hiyo wanaoubeba hasa ni vimeng'enya anavyovitoa nje kumeng'enya chakula. Vya namna hiyo, kutoka kwa bakteria wapenda magadi, ndivyo vinavyotiwa kwenye sabuni za unga za kuondoa madoa ya damu na chakula. Povu kali havilijali, lakini havikuumbwa kwa ajili ya moto. Kama sabuni yako ina vimeng'enya, usiimwagie maji yanayochemka. Ya vuguvugu yanatosha.